Mwenge Uliobaki Uchagani

Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Kasulu, somo nililolifaulu kuliko yote lilikuwa kungoja likizo. Wenzangu walikuwa na ndoto za Mwanza na Dar es Salaam. Ndoto yangu mimi ilikuwa jiko la mama, huko Kibondo, katika kijiji cha mwisho kabla msitu haujaanza: nimekaa kwenye kigoda, miguu nimeielekeza motoni, na hakuna mtu anayenigongea kengele.

Likizo ya Juni ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu ya baridi. Watu wakisikia Kigoma wanafikiri ni ziwa na dagaa tu. Waje huku juu asubuhi, waone ukungu ulivyolala juu ya migomba, na wazee wetu walivyojifunga makoti ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Baridi namna hiyo inampa mtu mvivu sababu ya heshima ya kutotoka jikoni.

Basi nikafika. Nikamkuta baba kwenye benchi lake nje ya jiko, na mama mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Walikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi kwa mkono.

"Mwambie baba yako maji ya kuoga yamechemka," mama akaniambia, hata begi sijalitua.

Nikamtazama baba. Baba naye akanitazama, anangoja.

"Baba, maji yamechemka."

"Mwambie nimesikia."

Nikacheka, nikidhani wamepanga kunipokea kwa utani. Hakuna aliyecheka nami. Mama akaendelea kutupa mawe ya maharage uani, moja moja, na baba akaingia kuoga.

Kibaya zaidi ni kwamba mama hakuwa na ukali wowote. Alimpikia vizuri kuliko zamani. Alimpigia magoti akimpa maji ya kunawa, alimfulia, alimpigia pasi shati la kanisani. Kila kitu alimpa isipokuwa neno. Maneno yote nilipewa mimi niyapeleke, na mimi niliyetoka bweni nikitarajia kupumzika nikajikuta nimeajiriwa kama mnara wa simu, bila mshahara na bila siku ya kupumzika.

Sababu ilikuwa dada yangu. Mwaka uliotangulia, baada ya kumaliza kidato cha nne, alikwenda kukaa kwa kijana mmoja Makere, upande wa Kasulu, kwenye barabara ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Kijana anauza mitumba. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakapewa uraia, wana mashamba na vitambulisho kama vyetu, ila kijijini kwetu bado wanaitwa wakimbizi, na wanaowaita hivyo wanatumia lugha ambayo Mrundi anaielewa bila mkalimani. Baba alisema ukimbizi si tatizo lake. Tatizo lake ni kwamba hawakuja kujitambulisha. "Hawakuleta hata jembe," alikuwa akisema, maana kwetu jembe ndilo linalofungua mazungumzo ya mahari. "Binti yangu hajaolewa. Amejipeleka." Na aliyejipeleka, kwa hesabu ya baba, hana mlango wa kurudia.

Sasa dada alikuwa mjamzito, amekaribia. Na kwetu mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake. Binti anarudi, analala karibu na jiko alilokulia, mama yake anamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji mpaka apate nguvu. Mama alimwomba baba dada aje. Baba akajibu, "Hapa si hospitali." Tangu siku hiyo mama hakumsemesha tena.

"Si uende wewe kule?" nilimuuliza mama tukiwa wawili.

"Niende kama nani? Kama mgeni?" Akanikazia macho. "Mimi nikienda kumzalisha mwanangu kwenye nyumba ya watu, nimekubali kwamba hana kwao. Baba yako anangoja hilo. Na yeye nitamngojesha."

Nilielewa maana ya kumngojesha siku baba mdogo alipokuja na baiskeli na madumu.

Baba ana mizinga msituni, mingine aliachiwa na babu, na kwenda huko ni mwendo wa nusu siku. Asali yetu inakomaa kipindi hiki cha baridi. Ukichelewa, ama nyuki wanaila wenyewe, ama moto wa nyasi unakutangulia. Lakini mrina asali wa kwetu haendi bila mwenge. Si ule wa Uhuru; huu ni fungu la maganda ya miti na nyasi kavu lililokazwa kwa kamba, la kutoa moshi wa kuwalegeza nyuki. Anayeufunga ni mama wa nyumba. Anaukausha kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, na siku ya safari anaushusha na kumkabidhi mumewe mlangoni kwa mikono miwili. Akiwa na kinyongo, hautoi. Inasemwa kwamba nyuki wanausikia ugomvi wa nyumba ndani ya moshi wenyewe, na mrina aliye juu ya mti hana pa kukimbilia.

Mchungaji wetu alishalihubiri jambo hilo na kuliita giza. Baba ni mzee wa kanisa. Aliitikia amina iliyosikika mpaka nje. Ila sikumbuki mwaka hata mmoja aliokwenda msituni bila kuupokea mwenge mlangoni.

Mwenge wa mwaka huo ulikuwa tayari. Mama aliufunga kabla ya ugomvi. Ulikuwa juu ya uchaga, mweusi kwa masizi, na siku zote hizo nilikuwa nikiota moto chini yake bila kuufikiria.

"Mwambie mama yako baba yako mdogo amefika," baba akasema.

"Mama, baba mdogo amefika."

"Namwona. Karibu shemeji, kaa, uji upo."

Baba mdogo akakaa, akapewa uji, akawatazama mmoja mmoja. Ni mtu wa utani, lakini siku hiyo utani wake aliunywa pamoja na uji.

"Mwambie mama yako tunaondoka."

"Mama, wanaondoka."

"Safari njema," mama akasema, na mikono yake ikabaki kwenye ungo.

Baba akangoja. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado kali, na pumzi yake ilionekana. Halafu akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Na wewe ni mwanamke wa nyumba hii. Umeshakua. Nishushie mwenge."

Shuleni tulifundishwa mdahalo, tukafundishwa kujenga hoja. Nilitazama uchaga. Nilimtazama mama, ambaye hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya maharage. Hoja zote zikanikimbia, ikabaki moja.

"Baba," nikasema, "mimi niko likizo."

Baba mdogo akapaliwa na uji.

Baba hakunikaripia. Aliingia jikoni, akaunyoosha mkono wake mrefu, akaushusha mwenge mwenyewe, akaufunga nyuma ya baiskeli yake. Baba mdogo akaifuta midomo, akasimama, akaugusa mwenge ule kwa ncha ya kidole.

"Kaka, huu nani amekupa?"

"Si umeona? Nimechukua kwa mkono wangu."

"Mkono wako nao ni mke?"

"Twende, jua linapanda."

"Lipande tu. Mimi nina watoto wadogo, kaka. Sipandi mti na moshi wa kuiba."

Akaigeuza baiskeli yake, madumu yakagongana, akarudi kwake, ambako ni nyumba ya pili tu kutoka kwetu. Baba alibaki uani ameshika usukani. Halafu akaufungua mwenge na kuurudisha uchagani. Mama alisogeza sufuria iliyokuwa jikoni ili baba asijimwagie akiufikia. Hawakutazamana.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Nyumba yetu ina vyumba vichache, na ukimya wa watu wawili unavijaza vyote. Watoto wa jirani waliokuja kucheza waligeuka mlangoni bila kufukuzwa. Mimi nilijitia kusoma kemia. Nilifungua kitabu ukurasa uleule kila asubuhi mpaka ukaanza kujifungua wenyewe.

Kisha jioni moja, tukiwa tunakula, baba akaweka tonge chini.

"Mwambie mama yako huyo mtoto wake anaweza kuja."

Niligeuka kwa mama na uso umejaa meno, kama mtangazaji wa redio mwenye habari njema. "Mama, baba amesema dada aje."

Mama hakutabasamu. "Muulize, lini?"

"Tukishatoka msituni," baba akasema.

Mama akanawa mikono polepole, akaifuta kwenye kanga.

"Mwambie baba yako mwanangu si kibali cha kurinia asali."

Hilo sikulipeleka. Halikuhitaji kupelekwa. Baba aliinuka akatoka, ugali wake ukapoa sahanini.

"Mama, si amekubali?" nikanong'ona.

"Amekubali asali," mama akasema. "Angesema aje leo, ningemshushia mwenge sasa hivi na kumsindikiza mpaka njia panda. Lakini kanipa bei. Mtoto wangu ndiye wa kununulia moshi?"

Nilimwona ana haki. Nilimwona pia amekaza kamba mpaka inataka kukatika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda kukaa nyumbani, nilitaka nyumba tu, yeyote ashinde. Hayo sikuyasema. Niliosha vyombo.

Moshi tuliuona kabla ya wiki ile kwisha. Ulianza kama wingu la rangi ya vumbi upande wa msitu, mchana, kukiwa na upepo. Nani aliuwasha, hakuna ajuaye. Wengine walisema wawindaji, wengine wafugaji, wengine mtu aliyekuwa akisafisha shamba. Baba aliingia ndani akachukua panga. Baba mdogo alikuja mbio bila kuitwa, na safari hii hakuuliza nani amempa nani nini. Walitoweka na baiskeli zao njia ya msituni. Mama alisimama uani na mkono juu ya macho, akiutazama moshi mpaka ukashindwa kutofautishwa na mawingu. Akaketi chini pale pale, bila mkeka, kama mtu aliyefikiwa na msiba.

Walirudi kesho yake, weusi, kope zimeungua. Kwenye madumu mlikuwa na masega machache yanayonuka majivu. Mizinga iliyopona ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Mama alichota maji ya moto. Hakunituma. Aliyapeleka mwenyewe bafuni, akasimama mbele ya baba.

"Pole," akamwambia.

"Asante," baba akasema.

Nikawa nimefukuzwa kazi, na kazi niliyokuwa nikiilalamikia nikaitamani. Maana sasa nilingoja waanze kupigana kwa maneno yao wenyewe. Nilingoja baba aseme, ona, ni wewe. Hakusema. Alikula, akashukuru, akalala. Lile ndilo lililonitisha kuliko moto.

Asubuhi yake alivaa koti la kanisani, akapanda bodaboda mpaka Kibondo mjini, akaenda zake Makere bila kutuaga anakokwenda. Tulijua. Mama alifungua chumba cha dada cha zamani, akakifagia, akaanika godoro juani, akaliingiza, akalitoa tena. Baba akarudi siku iliyofuata, peke yake.

"Umemwona?" mama akamuuliza.

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Mkubwa." Akaonyesha tumbo kwa mikono.

"Ukamwambia nini?"

Baba alitafuta kitu cha kutazama, akampata jogoo. "Nilimsalimia."

"Ulitoka hapa mpaka Makere ukamsalimia?"

"Kulikuwa na watu," akasema. "Mama mkwe wake yule, na wateja."

Kulipokucha mama alifunga mzigo: kanga, unga wa uji, mafuta ya mawese, beseni. Alikuwa anakwenda kama mgeni, jambo aliloapa hatalifanya, na alijifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kana kwamba ndicho kinachomshikilia. Baba alimbebea mzigo mpaka barabarani. Nilitembea nyuma yao, na sikusikia wakizungumza.

Tukabaki wawili. Nyumba niliyoililia bwenini nilikuwa nimeipata yote sasa, na jiko lake, na kigoda chake, na hapakuwa na mtu ndani yake. Nilipika ugali wa muhogo. Baba aliukata, akautazama kwa ndani.

"Huu umeupika au umeufukia?"

"Umeiva, baba."

"Huko Kasulu mnafundishwa nini?"

"Kemia."

"Kemia haina ugali?"

"Haijafika kwenye mtaala."

Alicheka kidogo, akala wote, mabonge kwa mabonge. Nadhani alikuwa anajiadhibu.

Mama alipopiga simu, aliongea na baba mwenyewe. Nilisikia sauti yake kwenye simu ya baba, ndogo, inasema mtoto wa kike, wazima wote wawili. Baba alisema "Haya" mara kadhaa. Alipokata alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, akarudi na mzigo wa kuni, na kuni tulikuwa nazo za kutosha mwezi mzima.

Likizo ikaisha. Nilipofunga begi, baba akanipa kichupa cha asali iliyookolewa. "Mpe mama yako," akasema. Halafu, akitazama pembeni, "Na wengine wakionja sikatai. Ila mwambieni mtoto mchanga hapewi."

Nilishuka Makere kabla ya kuendelea na shule. Ni nyumba ya matofali ya udongo, nguo za mitumba zimening'inia mbele mpaka mlango hauonekani. Mama yake shemeji alikuwa anamsemesha mama kwa Kirundi, mama anajibu kwa Kiha, wanasikilizana vizuri. Dada alikuwa kitandani amemlaza mtoto kifuani. Alikuwa amekonda usoni. Nilimpa mama asali, nikakaa.

"Baba yako alikuja hapa," dada akasema. Baba yako, si baba. "Alikaa pale kwenye kiti. Akanywa maji. Mimi namngoja aseme kilichomleta. Akasema mizinga imeungua. Nikamwambia pole. Akasema asante. Akaondoka."

"Hakusema kwa nini imeungua?"

"Moto si moto?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anakunja nepi za vitambaa, na aliendelea kuzikunja. Basi nikasema mimi. Nilimweleza habari ya uchaga, na ya baba mdogo kugeuza baiskeli, na ya jioni ile ya ugali uliopoa. Mkono wa dada uliokuwa unampapasa mtoto mgongoni ukasimama.

"Na ile mizinga ya babu?"

"Na ile."

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Urudi kwenu kwa kuihurumia mizinga?"

Nje wateja walikuwa wanavutana bei ya jaketi. Dada alimtazama mtoto, akatazama ukuta. Nilidhani atalia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"Nitakwenda. Mtoto akikaza shingo kidogo, nitampeleka wamwone. Lakini kwake silali."

"Kibondo huwezi kwenda na kurudi siku moja na kichanga," mama akasema.

"Nitalala kwa baba mdogo."

Mama akaweka nepi juu ya nyingine. "Haya," akasema. "Kwa baba yenu mdogo ni karibu."

Nikaenda zangu shule, maana kengele ya bweni haimngoji mtu mwenye matatizo ya nyumbani. Siku dada alipokwenda, mimi niliyekuwa tayari kutoa likizo zangu zote ili niwe jikoni asubuhi ile, nilikuwa maabara, natazama kitu cha buluu kikigeuka kuwa cheupe. Niliyoyajua niliambiwa na mama, aliyekuwa amesharudi nyumbani, kwa simu ya matroni.

Anasema baba alikuwa kwenye benchi lake tangu alfajiri, amevaa koti. Dada alikuja na mtoto mgongoni, akamwamkia kutoka njiani, akapita. Hakusimama. Baba aliinuka, akamfuata mpaka akamfikia, akampokea begi. Wakaupita mlango wetu wote wawili. Mama anasema baba alikaa kwa ndugu yake siku nzima, begi miguuni, mpaka giza lilipoingia wakamwambia mtoto amelala, mzee, nenda nyumbani.